Mkono wa Kwanza

Marudio hayana huruma na nyayo. Ule mchanga wa kijivu unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuoshwa kwa zebaki, ukipigwa na jua la Agosti huwaka kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Minza alikuwa akiukanyaga peku, ndoo ya maji kichwani. Kandambili zilikuwa zimemkatikia ufukweni. Kutoka ziwani hadi kilimani Ibambila ni mpando mtupu, na ndoo ikishayumba mara moja, mche mmoja utalala na kiu.

Alifika juu, akapiga goti, akaitua. Akachota kwa kopo, akamwagia mche wa kwanza taratibu, maji yakizama kwa sauti ya kunyonya. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, na ngozi ya viganja ilibambuka kama ya kiazi kilichochemka. Muuguzi wa zahanati alimwambia ni zebaki, aache kushika mchanga ule. Minza alimshukuru, akaenda zake. Mtu akikwambia uache, ni lazima akwambie pia ufanye nini, na muuguzi hilo hakulisema.

Minza alipoletwa Ibambila kuolewa, kilima hicho kilikuwa na msitu. Kisha mchunga ng'ombe mmoja akaokota jiwe linalong'aa, na kabla mvua hazijarudi watu walikwisha kujaa kutoka kila pembe ya nchi. Walichimba maduara, mashimo marefu ya kushuka kwa kamba, na wakakata miti yote kupata matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Miti ikaisha, lakini dhahabu haikuisha. Wakaendelea kushuka bila matimba.

Nkwabi, mumewe, alishuka asubuhi moja akiwa amekula kiporo cha viazi. Duara likamfunika. Ndugu na majirani walifukua hadi mwenye duara alipokuja na kusema basi, udongo haujatulia, asije akapoteza na wengine. Alisema kwa upole, kofia mkononi. Wiki ile ile alihamisha mashine yake ya kusagia mawe akaenda machimbo mengine, na wachimbaji wakamfuata. Nkwabi akabaki chini. Matanga yalikaliwa bila kaburi. Hakuna aliyemrushia marehemu hata konzi moja ya udongo, na waombolezaji waliondoka bila kunawa mikono, kwani walikuwa hawajazika. Hilo ndilo lililomnyima Minza usingizi kuliko njaa.

Ndipo akaanza miti.

Lakini Ibambila mwanamke hapandi mti. Hupanda mahindi, hupanda mihogo, hupanda viazi, vitu vya kuliwa vikaisha. Mti ni alama. Anayeupanda anasema hapa ni kwangu, na mwanamke, kwa hesabu za wazee, hana kwake: ana kwa baba yake na ana kwa mumewe. Wapo walioongeza kwamba mwanamke akipanda mti mumewe hufa. Hilo la pili halikumtisha Minza tena. La kwanza alilitafutia dawa, maana alitaka miti yake isiwe na neno, asije mtu kuing'oa kwa kisingizio cha mila. Akaenda kwa Shigela, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, nimechimba mashimo kule juu. Njoo utie mkono."

Shigela alicheka. "Kwenye marudio? Shemeji, pale hata magugu yamekataa."

"We tia mkono tu. Mengine niachie mimi."

Alikuja jioni amevaa shati la kutokea. Kwenye kila shimo Minza alikwisha kuweka samadi na kusimamisha mche. Shigela akawa anainama, anarusha konzi ya udongo, anasogea. Nyuma yake Minza alifuata kwa magoti, akifukia na kushindilia. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa mambo ya nusunusu, alikuwa ameita majirani washuhudie.

"Mmeona?" aliwauliza. "Mmeuona mkono wa ukoo?"

"Tumeona," walijibu, na Bernadeta, jirani yake na mwanakwaya mwenzake, akapiga vigelegele hadi mbuzi wakashtuka.

Mwisho walifika kwenye kinywa cha duara la Nkwabi, kibonyeo kilichojaa mchanga. Hapo Minza hakuweka mche wa mjohoro. Aliweka tawi la mkuyu alilolikata kwao, kwa wazazi wake. Shigela akarusha udongo wake, na safari hii hakucheka. Minza akamletea maji kwenye beseni la bluu. Shigela alinawa, majirani nao wakanawa. Usiku ule Minza alilala, usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu awe mjane. Aliona amezika.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila mvua za vuli, Minza huchimba, Shigela hutia mkono, majirani hushuhudia, beseni hupita, kisha hufuata pombe na kuku. Mwenyekiti wa kijiji, Chenge, naye aliposikia ndama wa watu wameacha kutumbukia kwenye mashimo, alisimama mkutanoni akatamka mbele ya wote: kilima kile ni donda la kijiji, na atakayekiponya, kitakuwa chake na watoto wake. Watu walipiga makofi. Minza alipiga makofi kuliko wote.

Na kweli kilipona. Mijohoro ilishika kwanza, kisha migunga. Majani yakaanguka, yakaoza, na chini yake marudio yakaanza kugeuka udongo. Nyuki walirudi. Mkuyu ulifanya shina la kukumbatiwa. Ulipozaa mara ya kwanza, Minza alikula tunda moja, akakaa kwenye mizizi akalia, akamweleza Nkwabi habari za nyumbani: kwamba Gladness, binti yao, amepata kibarua Mwanza, kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, kwamba Shigela, mdogo wake, ameuza ng'ombe wa mwisho.

Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Chama cha ushirika kilikuwa hakinunui tena pamba, walikuja wanunuzi na mizani zao. Minofu ya sangara ilipanda ndege, na waliobaki huku walipigania mapanki, mifupa na vichwa. Shigela alisema kilimo ni cha wajinga. Akawa dalali. Dalali wa nini, hakuna aliyejua vizuri, ila alivuka kwenda Mwanza mara kwa mara, na kila aliporudi kivuko kilimshusha na kitu kipya mwilini: viatu, halafu saa, halafu koti.

Kisha gari jeupe lilipanda Ibambila. Vijana wenye kofia za plastiki walipita katikati ya mijohoro wakipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Minza aliwakuta akiwa na ndoo yake.

"Mnapima nini, wanangu?"

"Tunaangalia tu kilichopo chini, mama."

"Chini yupo mume wangu."

Kijana alicheka kwa adabu, akidhani ni mzaha wa watu wazima, akapigilia kigingi kingine hatua chache kutoka mkuyu.

Mkutano uliitishwa uwanja wa shule. Kampuni ilimleta ofisa wake, Bwana Malimi, mtoto wa Kisukuma, msomi, aliyewasalimia wazee kwa Kisukuma hadi wakamchekea. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Chenge alipomkaribisha. Malimi akaeleza kwamba chini ya marudio bado kuna mali nyingi, ila si mali ya sururu na kamba, ni ya mitambo. Serikali imekwisha kutoa leseni. Kampuni haitaki kumdhulumu mtu.

"Anayetakiwa kuridhia na kulipwa ni mwenye maendelezo," alisema. "Kilimani hakuna nyumba, hakuna shamba. Kuna miti. Tunaomba kumjua mwenye miti."

Minza alisimama. "Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyepanda, mama?"

"Ndimi. Nilichimba, nikabeba samadi, nikabeba maji kutoka ziwani..."

"Mama Gladness," Chenge alimkatiza, "hukuulizwa nani alibeba maji. Umeulizwa nani alipanda."

Minza alimtazama. Alidhani hakusikia vizuri. "Mwenyekiti, si wewe uliyesema hapahapa, atakayekiponya kitakuwa chake?"

"Nilisema. Na ndiye tunayemtafuta." Chenge aligeukia watu. "Sisi tuna mila. Mti ni wa aliyetia mkono wa kwanza. Uongo?"

Wazee waliitikia kwamba si uongo.

"Nani alitia mkono wa kwanza kilimani?"

Watu walitazama vidole vya miguu yao. Chenge, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, hakumwita mlevi wala mpambe wake. Alimwita Bernadeta, mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa mgonjwa.

"Bernadeta, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Uliuona mkono wa nani?"

Bernadeta alimtazama Minza. "Wa Shigela. Lakini Mwenyekiti, yule alikuwa ana..."

"Asante, mama. Kaa."

"Alikuwa anarusha tu! Aliyefukia ni..."

"Nimesema asante."

Hakuna aliyetunga neno wala kula kiapo cha uongo. Kila kilichosemwa kilikuwa kweli, na Minza mwenyewe ndiye aliyekuwa amewaita, mwaka baada ya mwaka, waje waone vizuri. Alimgeukia Shigela aliyekuwa amekaa mbele, kwenye kiti, si kwenye nyasi pamoja na watu.

"Shemeji, sema basi."

Shigela alisimama. Koti lilimpwaya mabegani. Hakumwangalia. "Nilitia mkono," alisema. "Hilo siwezi kulikana."

Malimi alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Kampuni inaheshimu sana mila za wenyeji," alisema. Na mambo mengine yakaenda haraka, Shigela akaridhia.

Siku hiyohiyo, jua halijazama, Minza alimkuta Shigela nyumbani kwake akifungua kamba za viatu. Hakwenda kugombana. Alikuwa ameshahesabu kilichobaki mikononi mwake, akaona ni kitu kimoja.

"Chukueni mijohoro," alimwambia. "Chukueni kilima. Lakini mkuyu niachieni. Yule pale chini ni kaka yako, mmenyonya ziwa moja."

"Shemeji, unanifanya mimi mnyama?" Sauti ya Shigela ilikwaruza. "Ningekataa mimi wangemtafuta mwingine. Sasa angalau kitu kimebaki kwenye ukoo. Hata wewe sitakutupa."

"Sitaki kitu. Nataka mkuyu."

"Naapa kwa kaburi la baba. Nimeshaongea nao. Watauzungushia waya, mitambo ipite pembeni."

Minza alimwamini. Angefanya nini? Aliingia jikoni kwa mke wa Shigela, akasonga ugali, wakala sahani moja.

Hata hivyo alivuka kwenda Mwanza, akalitafute neno la serikali, maana kiapo cha dalali nacho ni cha dalali. Ofisini alisubiri kwenye benchi hadi watu wa baada yake wakaingia na kutoka. Karani alimpokea vizuri, akamwita mama, akaenda kuulizia, akarudi akitabasamu.

"Kule kwenu kumetulia, mama. Kijiji kimekaa, ukoo umeridhia. Hakuna mgogoro."

"Mimi ndiye mgogoro."

"Wewe ni nani kwa mwenye miti?"

Minza alifungua mdomo. "Shemeji yake," alisema, na akajisikia amejifungia mlango mwenyewe.

Jioni alifika Igogo, mtaa wa hapohapo Mwanza, kwenye chumba alichopanga Gladness. Binti alikuwa ametoka kiwandani, mikono imenyauka kwa barafu na maji, akikaanga mapanki. Alimsikiliza mama yake hadi mwisho.

"Kwa nini hukutia mkono wako mwenyewe, mama?"

"Wangeing'oa."

"Kwani sasa?"

Gladness aligeuza samaki kwenye kikaango, kisha akaweka kijiko chini akamshika mama yake viganja vile vilivyobambuka, akaviangalia.

Mvua za vuli zilipokaribia, Bwana Malimi alikwenda mwenyewe kwenye kitalu cha Minza nyuma ya nyumba, ambako miche ya mwaka ule ilikuwa imesimama ndani ya viriba vya kuoteshea, tayari. Alisema kampuni inataka kuonyesha kwamba inajali mazingira. Kutakuwa na siku ya kupanda miti pale chini kwenye lango jipya, na mgeni rasmi anatoka mkoani. Ingekuwa heshima miche itoke kwa mama. Ingekuwa heshima pia mama ashike beseni la kunawia, kama ilivyo desturi yake.

"Na mkuyu?" Minza aliuliza.

"Mkuyu upo kwenye ramani, mama. Wakubwa wameuona. Ila unajua, tukiwa na ushirikiano, hata mimi nakuwa na nguvu ya kuutetea."

Akaitoa miche. Aliipanga mwenyewe kwenye toroli, iliyosimama vizuri mbele.

Siku ilipofika walifunga turubai na viti. Kwaya ya kina Bernadeta iliimba, imevalishwa fulana nyeupe zilizopigwa chapa ya kampuni. Nyuma yao kilima kilikuwa tayari kimekatwa nusu. Mijohoro ililala chini kwa safu, majani bado mabichi, na juu kabisa, peke yake, ulisimama mkuyu. Minza alikuwa ameutazama tangu alfajiri. Haukuwa na waya. Alijiambia waya unakuja.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye suti, mchangamfu. Alisema miti ni uhai. Alisema wawekezaji si maadui. Kisha alisogezwa hadi kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa, ambamo mche wa Minza ulikuwa umesimamishwa, samadi ya Minza chini yake. Aliinama, akachota konzi ya udongo, akangoja mpiga picha ajiweke sawa, akarusha. Watu wakapiga makofi. Minza, kwa mazoea ya miaka, aliweka beseni chini, akapiga magoti, akaanza kufukia.

Malimi alimgusa begani. "Acha, mama. Watafukia vibarua. Picha bado."

Akainuka, akapangusa magoti, akalishika tena beseni la bluu. Mgeni rasmi alinawa. Maji yakawa mekundu kwa udongo wa pale langoni. "Ahsante sana, mama," alisema, na kwa hakika alikuwa mtu mwenye adabu. Chenge akanawa. Malimi akanawa.

Ndipo mngurumo ulipoanza kule juu.

Minza aligeuka. Tingatinga la njano lilikuwa limepanda upande wa pili, limeinua koleo lake usawa wa shina. Kwenye safu ya kwaya Bernadeta aliacha kuimba, mdomo wazi.

"Bwana Malimi. Ule si mkuyu?"

"Wanasafisha njia tu, mama."

"Ulisema upo kwenye ramani."

"Upo." Malimi alikuwa akimtazama mpiga picha. "Ndiyo maana wanajua ulipo."

Koleo lilisukuma mara ya kwanza. Mkuyu ulitikisika, ndege wakatoka. Minza alitaka kwenda. Hatua ya kwanza aliipiga, lakini mbele yake alikuwa amesimama Shigela, koti amelivua, mikono imechafuka udongo, kwani naye aliitwa kupanda mche wake kama mwenye miti. Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jioni ile aliyoapa.

"Shemeji," Minza alisema. "Kaka yako."

Kule juu mizizi ilianza kukatika, mmojammoja, kwa sauti ya kamba nene. Shigela alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo, na Minza, Mungu amsamehe, alingoja. Alingoja hata wakati ule.

"Shusha beseni kidogo, shemeji," Shigela alisema. "Nisilowe."

Alinawa hadi viwikoni, akakung'uta mikono, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mtu fulani akaiambia kwaya iendelee, na kwaya ikaendelea, pungufu ya sauti moja. Mkuyu ulilala upande, ukainua kwa mizizi yake kipande kizima cha kinywa cha duara, na tingatinga likarudi nyuma, likashusha koleo ndani ya shimo.

Minza alibaki amesimama na beseni mikononi. Kila koleo lilipogonga chini, yale maji mekundu yalitikisika hadi ukingoni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia akayamwage wapi.